Kwa nini hutaki wapite barabara ya Iringa?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 31, nafanya kazi Dar es Salaam. Tuko marafiki sita tuliosoma chuo pamoja, na kila mwaka tuna safari yetu. Mwaka huu wamechagua Dodoma, mwishoni mwa Agosti. Ijumaa jioni tunapanda SGR, Jumamosi tunatembezwa mashamba ya zabibu kisha kiwandani kuonja mvinyo, na usiku kuna chakula cha hotelini, sahani tano zinazoletwa moja moja, kila sahani na mvinyo wake. Mchango ni shilingi 650,000 kwa kila mmoja. Sina, na nimefikiria kukopa kwenye simu. Halafu mambo ya kuonja mvinyo siyajui, naogopa kuaibika mbele yao. Kwenye ratiba nimewaomba waondoe shamba la barabara ya Iringa, tupelekwe la Hombolo, kwa sababu barabara ya Iringa ndiko kwetu na wiki hiyo baba atakuwa anavuna, alipogoa mwisho wa Aprili. Wenzangu wanajua baba ni mstaafu wa serikali. Shangazi, nikatae vipi safari hii bila kuwaudhi?

Nisiyejua Kukataa, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilikuwa ndefu na nimeikata sana, unisamehe. Nianze na uliyoyauliza, maana hayo ni mepesi. Hela hiyo huna, na kukopa kwenye simu kwa ajili ya chakula cha usiku mmoja ni kujiingiza kwenye mikopo kausha damu ambayo mwezi wa kumi utakuwa bado unailipa. Waandikie wenzako kwamba nauli na matembezi ya mchana unachangia, chakula cha usiku hutaweza. Ukialikwa mezani hata hivyo, uma na visu unaanza na vya nje unaingia ndani. Mvinyo unautazama rangi, unaunusa, unaubeba kidogo mdomoni, kisha unaumeza au unautema kwenye chombo watakachowawekea. Kuutema hakuna aibu. Waonjaji wenyewe hufanya hivyo ili wafike glasi ya mwisho wakiwa na akili zao timamu. Kama imani yako haikuruhusu kunywa, nusa tu na upishe glasi. Hayo yamekwisha.

Sasa tuzungumze habari ya barabara ya Iringa.

Sentensi ile umeipitisha haraka haraka, katikati ya ratiba ya treni na bei ya chumba, ukidhani nitaiona ni habari ya njia tu. Nimeisoma mara nyingi kuliko barua yote iliyobaki. Unataka kukataa safari kwa sababu ya hela, lakini kabla hujakataa umeshaihamisha safari yenyewe ili isimkaribie baba yako. Mtu aliyeishiwa hela hajishughulishi na njia gari litakayopita, maana hatakuwemo garini. Wewe ulijua kwamba hata ukibaki Dar, wenzako watano wanaweza kusimama kwenye shamba la mzee mmoja barabara ya Iringa, akawauliza mnatoka wapi, wakataja jina lako.

Tuliseme basi hilo unaloliogopa. Unaogopa mzee mwenye shati lililopauka na unga wa njano wa salfa mikononi, anayeacha kichala alichokishika, anakuja hadi dirishani mwa gari na kusema, "Mwanangu huyo!" Unaogopa wenzako wasikie.

Na huyu mstaafu wa serikali katoka wapi? Nani alimstaafisha baba yako? Ni wewe, siku moja bwenini, pengine mwenzako alipotaja cheo cha baba yake na wewe ukaona lazima utaje kitu. Ulikuwa msichana mdogo mwenye hofu, na uongo wa usiku mmoja wa namna hiyo naweza kuuelewa. Kuulisha na kuuvisha miaka yote hii ndiko kunakonikasirisha. Baba yako hajastaafu. Anafanya kazi hadi leo, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko za wengi wanaovaa tai.

Nitaieleza kazi hiyo kwa ajili ya wasomaji wengine, maana wewe unaijua. Dodoma inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi. Ufaransa au Italia mzabibu hulala wakati wa baridi, ukaamka wenyewe, ukavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake: anapogoa, chipukizi linatoka, maua yanafuata, na miezi kama minne baadaye anavuna. Kisha anaanza upya, ndiyo maana huko kuna mavuno mawili kwa mwaka, ya mwanzoni mwa mwaka na ya Agosti na Septemba. Katikati ya kupogoa na kuvuna kuna palizi, kuna maji ya kumwagilia kwa wenye bahati ya kuwa nayo, kuna ubwiri unga unaopaka majani na matunda ukungu mweupe usipowahi na salfa, na kuna ndege wanaojua siku zabibu zimeiva kabla ya mwenye shamba.

Zikishakatwa, hazisubiri. Mahindi utayaweka ghalani hadi bei ipande. Zabibu ya mvinyo ikikaa juani siku mbili imeanza kuharibika, kwa hiyo mkulima hana nguvu ya kubishana na mnunuzi. Kiwandani wanapima kwanza sukari iliyomo. Wakisema haijafika, anarudi nazo. Iko misimu ambayo viwanda vimejaa na wakulima wa Dodoma wamezitazama zabibu zao zikioza shambani, au wamewauzia walanguzi kwa bei waliyopangiwa. Chupa moja ya mvinyo inakula kilo moja ya zabibu na zaidi. Fanya hesabu hiyo Jumamosi utakapoziona chupa zimepangwa mezani.

Ada yako ya chuo ililipwa na nini? Hukuniambia. Lakini mstaafu wa kubuni halipi ada, kwa hiyo najua ililipwa na vichala.

Hasara iliyoniuma zaidi katika barua yako hujaiona bado. Umesema unaogopa kuaibika kwa sababu mambo ya mvinyo huyajui. Mwanangu, katika hao sita wewe ndiye mjuzi pekee. Pale kiwandani watawapa glasi ya mvinyo mweupe wa Chenin Blanc na nyingine ya mvinyo mwekundu wa zabibu ya Makutupora, na mwenyeji wenu atawauliza mnahisi nini ulimini. Mmoja atasema unakausha mdomo. Mwenyeji ataeleza kwamba ukakasi huo unatoka kwenye ganda na mbegu, kwa sababu mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, wakati kwa ule mweupe juisi ya zabibu hukamuliwa ikatenganishwa na maganda mapema. Wenzako watatikisa kichwa wakishangaa. Wewe ulishautafuna ukakasi huo ukiwa mtoto, ukiwinga ndege. Unajua zabibu ya mezani ina ganda laini na ya mvinyo ina ganda gumu, unajua kwa kuigusa tu. Na utakaa kimya, kwa sababu ukifungua mdomo watauliza umejulia wapi.

Ulianza kwa kumficha baba, sasa inakubidi ufiche na akili yako mwenyewe. Hapo ndipo uongo wa namna hii unapoishia siku zote. Watu wanadhani anayewaficha wazazi wake anawakosea wazazi tu. Anajipunguza yeye: lugha ya kwao haisemi hadharani, mlenda anasema haupendi, wimbo wa kwao ukipigwa harusini anatazama simu. Nimepokea barua nyingi za vijana wanaolalamika kwamba hawajiamini kazini, na nikichimba nakuta wamezika nyumbani kile kitu pekee wanachokijua kuliko wenzao.

Wapo watakaokurushia methali ya mkataa kwao ni mtumwa. Mimi sikurushii, kwa sababu barua yako hiyo hiyo inakutetea. "Alipogoa mwisho wa Aprili." Nani alikuuliza? Ungeweza kuniambia baba anavuna, ikatosha. Wewe ulihesabu kutoka siku ya mkasi hadi wiki ya mavuno, ukiwa ofisini Dar es Salaam, kati ya foleni na kiyoyozi. Mtu aliyekwisha kuondoka kwao hahesabu hivyo. Kwa ajili ya maneno hayo manne nimekaa kukujibu kirefu, na kwa ajili yake naamini jambo hili linarekebishika.

Usijidanganye tu kwamba baba hajui. Mzazi ambaye tangu mwanawe aingie chuo hajawahi kupewa simu amsalimie hata rafiki mmoja wa mwanawe, anajua. Hakuulizi kwa sababu anakustahi. Zamani ungesema safari ni ndefu, basi linakula siku. Tangu mwaka 2024 SGR inafika Dodoma kwa takriban saa nne, na bado hujampelekea mgeni.

Na hao marafiki, utawazuia hadi lini? Akitokea kijana wa kukuoa, washenga watapeleka barua ya posa nyumba gani? Mahari itapokelewa na nani, huyo mstaafu? Ukikwepa harusi, msiba haukwepeki. Siku utakapowapigia wenzako ukilia, watakodi gari usiku huo huo kama wafanyavyo Watanzania, watafika barabara ya Iringa alfajiri, watakaa mkekani na kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa, kwamba alikuwa mkulima wa zabibu maisha yake yote. Wataujua ukweli baba akiwa hawezi tena kuwasalimia. Mimi nataka waujue Agosti hii, akiwa na nguvu ya kuwachagulia kichala kilichoiva vizuri na kuwaambia kuleni.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usikatae safari. Chagua mmoja kati ya hao watano, yule unayemwamini zaidi, umwambie kwanza peke yake, kisha uwaambie wote kabla hamjapanda treni. Maneno yawe machache: "Jamani, kuna jambo nimewaficha tangu chuo. Baba yangu hakuwahi kuajiriwa serikalini. Ni mkulima wa zabibu, yuko barabara ya Iringa, na ndiye aliyenisomesha. Niliona aibu, na sasa ninaona aibu kwa ile aibu. Naomba twende mkamsalimie." Usitoe maelezo marefu wala usimsingizie mtu. Atakayecheka mwache acheke. Kicheko cha dakika mbili utakimudu. Nadhani utashangaa pia ni wangapi kati yao wana mzee wao waliyempandisha cheo.

Lakini usimgeuze baba kuwa kivutio cha watalii. Wiki ya mavuno ni wiki ya kazi, watu wanaingia shambani alfajiri kabla jua halijawa kali. Msimfikie saa tano na miwani ya jua mkataka kupigwa picha. Fikeni mapema, kila mmoja amwamkie, shikeni makreti, kateni kwa jinsi atakavyowaonyesha. Kile ambacho mngelilipa shamba jingine kwa matembezi, mlipeni yeye, na zabibu za kubeba mnunue kwa bei nzuri. Wewe binafsi beba sukari, majani ya chai na dawa ya shamba ya msimu unaofuata; hiyo dawa itamfurahisha kuliko zawadi yoyote ya dukani. Ile 650,000 uliyotaka kuikopa, hata theluthi yake ukiiweka akiba hadi Oktoba, itamkuta anaanza kupogoa upya.

Waambie waandaaji wenu leo shamba la barabara ya Iringa lirudi kwenye ratiba. Jioni, baba akishakula, mpigie. Mwambie una wageni watano unaotaka kumletea, na umuulize Jumamosi hiyo anakata au anapakia. Akisema njooni Jumapili, basi mwende Jumapili.