Mnywaji Anapotafuta Wenzake
Kijitabu cha familia za Kabambare na Kasongo

Baba au kaka ameamka asubuhi akasema: nimechoka na lotoko, pombe kali ya kienyeji, nataka kuacha. Familia nyingi hapo humwapisha mbele ya wazee. Kiapo si kibaya, ila jioni rafiki zake wanapopita kumwita, wazee wameshaenda kulala. Saa hiyo anahitaji mtu aliyekunywa kama yeye na sasa hanywi.

Asiache ghafla akiwa peke yake

Anayekunywa kila siku kuanzia asubuhi, mwili wake umeshazoea pombe. Akiikata mara moja, ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi hukataa. Katika siku mbili za kwanza wengine huanguka na kukakamaa kama wenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona watu au wadudu wasiokuwepo. Mtaani watasema amerogwa, au mapepo yanamtoka. Ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo inaweza kuua.

Kwa hiyo pitieni kwanza kituo cha afya. Mwambieni muuguzi ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na kama aliwahi kuanguka alipojaribu kuacha. Akiona hatari atamtuma hospitali kuu, anakoweza kupewa dawa za kutuliza mwili na vitamini B1. Kumfunga kamba katika chumba cha maombi na kumlazimisha kufunga bila chakula wala maji siku hizo ni hatari kubwa. Ombeni, lakini muuguzi awe amemwona.

Ulizeni mtu, si kikundi

Njia ya mlevi kumtafuta mlevi mwenzake ina historia yake. Mwezi wa Mei 1935, Mmarekani mmoja aitwaye Bill Wilson alikuwa katika hoteli mjini Akron. Biashara yake ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa palepale. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Badala ya kuingia baa alipiga simu kwa mchungaji asiyemjua, akiomba aelekezwe kwa mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari mpasuaji mlevi, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15 tu. Walikaa saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Walevi Wasiojulikana, ambao kwa Kifaransa huitwa Alcooliques Anonymes. Mwaka 2020 wachunguzi wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, walilinganisha tafiti 27 na kuona kwamba, kwa kuacha pombe kabisa, njia hii inafaa sawa na tiba nyingine za mazungumzo, mara nyingi kuzipita.

Kwa hiyo mkimwendea RECO wa kijiji, yaani mhamasishaji wa afya, msimuulize tu kama kuna kikundi. Muulizeni: unamjua nani aliyekuwa akinywa sana na sasa ameacha? RECO hupita nyumba kwa nyumba, anajua mengi. Muulizeni pia katekista, mchungaji, imamu. Muulizeni mchimbaji aliyerudi kutoka Salamabila, kwani kwenye machimbo ya dhahabu wapo waliokunywa mpaka senti ya mwisho, kisha wakasimama. Mwenye kuulizwa aende kwanza kumwomba ruhusa huyo mtu, ndipo ataje jina lake. Penye mtandao, mikutano ya Kifaransa ya Alcooliques Anonymes hufanyika pia kwa simu na intaneti.

Wawili wakikutana kila juma siku ileile, mkutano umeshaanza. Darasa la shule baada ya masomo linafaa. Uani kwa muuza pombe hapafai. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza bila kumkatiza wala kumhubiria. Hakuna ada, hakuna orodha ya majina ya kupeleka kwa chefu. Kabambare kila mtu anajua nani hunywa, hilo si siri. Siri ni yale anayoyasema ndani. Likelemba, yaani mchango wa kupokezana fedha, ifanyeni mahali pengine: deni likiingia, mwenye deni hatakuja tena, hata siku anayowahitaji zaidi.

Mama anayepika lotoko

Hapa tusidanganyane. Katika nyumba nyingi lotoko ndiyo iliyolipa minervali, yaani karo ya shule, ya watoto. Kumwambia mama aache kesho bila kazi nyingine ni maneno matupu. Anachoweza kufanya sasa ni kuuzia mbali na nyumba anamolala mtu anayejaribu kuacha, angalau miezi ya kwanza, huku familia ikitafuta biashara ya kushika nafasi hiyo. Na kama mama mwenyewe ndiye anayekunywa, atafutiwe mwanamke mwenzake. Mbele ya wanaume hatasema kitu.

Akirudia kunywa, arudi kwenye mkutano unaofuata, hata kama bado ananuka. Siku hiyo asikilize tu.

Mke amsindikize mpaka mlangoni mara ya kwanza, kisha amwache. Wake na wazazi wanaweza kukaa kikao chao siku nyingine, kwa masharti yaleyale. Lois, mke wa Bill Wilson, alisaidia kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, na huko mtu huzungumzia maisha yake mwenyewe, awe mumewe ameacha au bado anakunywa.