Beki Aliyeumia Akarudi: Tujifunze kwa Shomari Kapombe



Somo letu la leo ni la mpira, lakini ni la afya pia. Hapa kwetu Pwani, kutoka Bunju mpaka Mapinga, Zinga, Kaole na Bagamoyo mjini, jioni haipiti bila mpira kupigwa. Wanaocheza ni nani? Ni wavuvi, wakwezi wa minazi, vijana wa bodaboda, na wakulima wa mananasi wa kule Kiwangwa. Mguu uliopiga mpira jioni ndio huo huo unaosukuma ngalawa alfajiri. Ndio unaopanda mnazi. Mguu huo ukivunjika, timu inapungukiwa mtu mmoja tu. Lakini nyumbani kwake kunapungua chakula.

Ndiyo maana leo tunasoma habari za beki mmoja wa Tanzania aliyeumia mara nyingi, na kila mara akarudi. Jina lake ni Shomari Kapombe.

KAPOMBE NI NANI?

Kapombe alizaliwa Morogoro mwaka 1992. Alichezea Polisi Morogoro, kisha akajiunga na Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Mwaka 2013 alikwenda Ufaransa kuchezea timu ya Cannes. Mwaka 2014 alirudi nyumbani akachezea Azam, na mwaka 2017 akarejea Simba. Simba hao walifungua uwanja wao wa mazoezi huko Bunju mwaka 2019, kando ya njia ya Bagamoyo. Kwa hiyo tunaweza kusema kuwa ni jirani yetu.

Kapombe ni beki wa kulia. Zamani beki alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kuondosha mpira tu. Siku hizi beki wa pembeni anapanda mbele kusaidia kutafuta bao. Mpira ukipotea, anakimbia mbio kurudi kulinda goli. Anakimbia, anasimama ghafla, anageuka, anateleza kumzuia adui. Kila mara goti na kifundo cha mguu vinabeba uzito wa mwili mzima. Kazi hii haimwachi mtu bila alama.

MARA TATU ALIZOUMIA

Mara ya kwanza ni mwaka 2016, alipokuwa Azam. Safari hii hakupigwa teke na mtu. Damu iliganda kwenye mapafu. Kuganda maana yake ni kuwa donge, kama maziwa yanavyoganda. Donge la damu likiziba mshipa wa mapafu, mtu anashindwa kupumua, na anaweza kufa. Kapombe alipelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Akapona, akarudi uwanjani.

Mara ya pili ni Novemba 2018. Timu ya Taifa, Taifa Stars, ilikuwa kambini Afrika Kusini ikijiandaa kucheza na Lesotho. Kapombe akaumia vibaya mguu mazoezini. Alikaa nje miezi mingi. Mwaka 2019 Tanzania ilikwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikuwa tumelikosa kombe hilo tangu mwaka 1980. Watu wote walifurahi, lakini Kapombe hakuwemo katika kikosi. Fikirini uchungu wake. Nafasi kama hiyo inapita yeye kakaa pembeni.

Mara ya tatu ni mwaka 2020. Simba walicheza na Azam, timu yake ya zamani, katika Kombe la Shirikisho. Akachezewa vibaya, akaumia tena.

Baada ya hapo wapo waliosema, "Huyu basi tena, mwili wake mbovu." Je, walisema kweli?

ALIRUDI VIPI?

Mwaka 2021 Simba waliifunga Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0 Dar es Salaam, nao Al Ahly ndio waliokuwa mabingwa wa Afrika. Kapombe alikuwa beki wa kulia. Mwaka 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika wakiwa naye. Walifungwa na Berkane ya Morocco, lakini kufika fainali si jambo dogo.

Kisha ikaja Agosti 2025. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa wenyeji wa CHAN, yaani kombe la Afrika la wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao. Tarehe 6 Agosti, Taifa Stars ilicheza na Mauritania katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Dakika zikaenda, bao halipatikani. Dakika ya 89 aliyefunga hakuwa mshambuliaji. Alikuwa beki, Shomari Kapombe, mwenye umri wa miaka 33. Tanzania ikashinda bao 1 kwa 0. Mguu uliosemwa kuwa umekwisha ndio ulioiinua nchi.

Hatusemi kwamba kila anayeumia atarudi. Wengine hawarudi, hata wakitibiwa vizuri. Lakini katika habari hii tunaona mambo mawili.

Jambo la kwanza: jeraha lilipewa muda wake. Mfupa uliovunjika huchukua wiki 6 au zaidi kuunga. Hata mfupa ukiunga, misuli imelegea, pumzi imepungua, na moyoni kuna woga. Mchezaji anayetoka katika jeraha hucheza chini ya kiwango chake kwa muda. Hilo ni jambo la kawaida, wala si uvivu. Kumzomea hakumponyi.

Jambo la pili: timu haikumngoja mtu mmoja. Kapombe alipoumia mwaka 2018, Simba walimleta beki mwingine, Zana Coulibaly, raia wa Burkina Faso. Msimu ule Simba walichukua ubingwa wa Ligi Kuu. Timu yenye mtu wa akiba haina haja ya kumlazimisha mgonjwa acheze.

NA HUKU KWETU JE?

Huku kwetu tunacheza kombe la mbuzi. Siku ya fainali watu wamejaa, ngoma zinalia. Beki kateguka kifundo cha mguu. Wenzake wanamwambia, "Jikaze, wewe si mwanamume?" Mmoja anakuja na mafuta ya nazi ya moto, anamchua kwa nguvu. Beki anarudi uwanjani anachechemea. Mbuzi anapatikana, analiwa siku moja. Lakini mguu ule unauma miaka kumi.

Tufanye nini basi? Mtu akiteguka, tukumbuke mambo manne:

1. Apumzike. Atoke uwanjani mara moja. Asiukanyagie mguu ule.

2. Apozwe. Chukueni barafu, kama ile wanayowekea samaki pale sokoni. Ifungeni kwenye kitambaa safi, msiiweke juu ya ngozi tupu. Mwekeeni dakika 15 hadi 20, kisha mwondoleeni. Baadaye mrudie tena. Kama hakuna barafu, tumieni maji baridi ya mtungini.

3. Afungwe. Tumieni bandeji au kipande cha khanga. Msikaze mno. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, legezeni.

4. Ainue mguu. Alale, mguu ukae juu ya mto, uwe juu kuliko kifua. Uvimbe utapungua.

Wazee wetu wanajua kuchua, na upo wakati kuchua kunafaa. Lakini si siku hiyo. Katika siku 2 au 3 za kwanza msichue, wala msiweke kitu cha moto. Ndani kuna mishipa midogo iliyokatika, inavuja damu. Ukichua au ukiweka moto, inavuja zaidi, na mguu unavimba zaidi. Na kama mfupa umevunjika, kuchua kunausogeza.

Mpelekeni zahanati au hospitali upesi kama hawezi kutembea hatua 4, kama mguu umepinda, kama mfupa ukibonyezwa unauma sana, au kama kuna kidonda kinachoonyesha mfupa.

Tukumbuke na lile donge la damu. Linaweza kumpata mtu aliyelala muda mrefu, aliyefungwa plasta, aliyepasuliwa, au mama aliyejifungua. Dalili zake ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kushindwa kupumua ghafla, kifua kuuma, au kukohoa damu. Hapo msingoje kesho. Wahini hospitali. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

LINI ARUDI UWANJANI?

Asirudi kwa sababu kocha kataka, au kwa sababu fainali imefika. Mguu wenyewe utoe jibu. Je, anaweza kusimama kwa mguu ule peke yake? Anaweza kurukaruka kwa mguu ule? Anaweza kukimbia na kugeuka ghafla bila maumivu? Kama majibu yote ni ndiyo, aanze mazoezi polepole. Kama jibu moja ni hapana, bado.

Na wakati anangoja, wenzake wasimtupe. Mvuvi aliyeumia akipelekewa samaki wa kitoweo, hatakuwa na haraka ya kuingia baharini na mguu mbovu. Mkulima akipaliliwa shamba lake, atapumzika kwa moyo mmoja. Kupona ni kazi ya mgonjwa, lakini muda wa kupona anapewa na watu wake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kapombe alizaliwa mwaka 1992. Alikuwa na umri gani mwaka alipojiunga na Simba, 2011?

2. Mchezo wa mpira una dakika 90. Bao dhidi ya Mauritania lilifungwa dakika ya 89. Zilibaki dakika ngapi kutimia 90?

3. Kwa nini tusimchue mtu siku ile ile aliyoteguka?

4. Timu ya kijiji chenu ina barafu na bandeji siku ya mchezo? Nani awe na kazi ya kuvileta?

5. Mtu akiumia kijijini kwenu, nani anamsaidia kazi zake mpaka apone? Semeni mtakavyopanga.