Mwaka 1977 Hakuna Aliyetoka

Tanzania ilipochapisha, Julai 2025, agizo la kuwazuia wasio raia wake kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo saluni, kutengeneza simu, kutuma pesa kwa simu na kununua mazao shambani, kila soko la Kaunti yetu ya Nyamira, Kenya, lilipata mtu anayejua kwa uhakika ni nchi gani inatoka Jumuiya ya Afrika Mashariki na ni mwezi gani. Barua zikafuata. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia wasiwasi. Anayetaka kujua Jumuiya ina nchi ngapi amwulize mtoto wa gredi ya sita.

SWALI: Mwalimu, mwanasiasa ametangaza mkutanoni kwamba Kenya ijitoe. Mpaka wa Isebania utafungwa lini? Ninanunua vitunguu upande wa pili. (Barua nne, za Keroka, Ekerenyo, Kebirigo na Manga, nimezijibu pamoja.)

Haufungwi. Mtu aliyesimama juu ya gari na kipaza sauti hawezi kukutoa hata kwenye chama cha ushirika, sembuse kwenye mkataba wa mataifa. Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inataka mambo mawili. Kwanza, azimio la Bunge la Taifa linaloungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si theluthi mbili ya waliofika siku hiyo. Kwetu wabunge hao ni 349, kwa hiyo zinahitajika kura 233. Pili, notisi ya maandishi kwa Katibu Mkuu, na kungoja miezi 12. Katika miezi hiyo nchi inaendelea kubeba wajibu wake wote, na inaweza kufuta notisi kabla muda haujaisha.

Tena mkumbuke sisi Wakenya ni hodari wa kupitisha hoja za kujitoa kisha tukakaa palepale. Bunge letu lilipitisha hoja ya kuitoa Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Desemba 2010, likarudia Septemba 2013. Notisi haikupelekwa. Kenya ni mwanachama hadi leo.

SWALI: Kaunti ya Nyamira inaweza kukataa Kenya isijitoe?

Hapana. Someni Jedwali la Nne la Katiba.

SWALI: Baba yangu husema Kenya ndiyo iliyojitoa mwaka 1977 kwa tamaa yake, na Jumuiya ikafa. Kwa nini isirudie?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, maana uvumi huu umezeeka kuliko wengi wanaoueneza. Mwaka 1977 hakuna nchi iliyotoka. Si Kenya, si Tanzania, si Uganda. Hakuna aliyeandika barua ya kuaga. Jumuiya ilikufa ikiwa na wanachama wake wote watatu.

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Kampala Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mwaka huohuo. Juu kabisa kulikuwa na Mamlaka ya marais watatu, na pasipo wao kukubaliana hakuna jambo kubwa lililosonga. Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda. Rais Nyerere wa Tanzania akakataa kuketi na Amin meza moja. Ninaelewa kwa nini alikataa, na sitamlaumu hapa, lakini matokeo yake ni kwamba kikao cha marais watatu hakikufanyika tena. Mawaziri waliendelea kukutana na karatasi ziliendelea kuzunguka zitiwe saini. Ubishi uliohitaji marais wenyewe kutazamana usoni ulibaki bila mwamuzi miaka sita na zaidi.

Na ubishi ulikuwepo. Viwanda vingi vilikuwa Kenya. Tanzania na Uganda ziliruhusiwa kutoza kodi maalumu kwa bidhaa za jirani ili zilinde viwanda vyao vichanga, na hata hivyo zikaona zinapunjwa. Tanzania ilishika ujamaa wa Azimio la Arusha, Kenya ikashika biashara ya watu binafsi, na kila upande ukamdharau mwenzake waziwazi. Kisha mashirika ya pamoja yakaanza kukatika vipande. Reli ilikuwa na makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala. Pesa zilizokusanywa katika nchi moja zikaacha kufika makao makuu yaliyo nchi nyingine. Shirika la ndege likazama kwenye madeni. Mapema 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na Februari Tanzania ikafunga mpaka.

Hapo ndipo baba yako anaposema, "Umeona? Kenya!" Asubiri kidogo. Hata baada ya ndege na mpaka, Jumuiya kisheria ilikuwa hai. Kilichoimaliza ni tarehe moja ya mhasibu. Mwaka wa fedha uliisha tarehe 30 Juni 1977 bila bajeti mpya kuidhinishwa. Asubuhi ya Julai mosi hapakuwa na pesa ya mishahara wala mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Wapo wanaosimulia kwamba wakubwa wa Nairobi walifungua shampeni. Hata kama waliinywa, shampeni haivunji mkataba. Bajeti iliyokosa saini huuvunja.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu linabadilisha unachopaswa kukichunga. Ukiamini kwamba Jumuiya hufa nchi inapojitoa, utakaa ukingoja tangazo. Utalikosa, kwa sababu halitatolewa. Utajua imekufa siku mizigo yako itakapozuiwa mpakani Sirare.

Na gharama yake? Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi Novemba 1983. Mgawanyo wa mali ulisuluhishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na makubaliano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mkataba mpya ulikuja Novemba 1999. Mtoto aliyezaliwa mpaka unafungwa alikuwa ameshamaliza sekondari.

SWALI: Lakini hayo ni ya zamani. Leo kuna mkwamo gani?

Uleule. Maamuzi ya wakuu wa nchi katika Jumuiya mpya hupitishwa kwa maafikiano, na kiti kimoja kikiwa kitupu shughuli hukwama. Novemba 2018 marais walikuwa wamefika Arusha, Burundi haikutuma mwakilishi, na mkutano ukaahirishwa, ukaja kufanyika Februari 2019. Januari 2025, Goma ilipokuwa mikononi mwa waasi wa M23, Rais Ruto aliitisha kikao cha dharura na Rais Tshisekedi wa Congo hakushiriki. Congo haijatoa notisi yoyote. Ilikuwa ndani, kiti kitupu.

Kisha pesa. Kuna nchi ambazo michango yao huchelewa miaka, na Bunge la Afrika Mashariki limewahi kusimamisha shughuli kwa kukosa fedha. Habari hiyo ilipita kwenye magazeti yetu kama mvua ya usiku, huku ukurasa wa kwanza ukichukuliwa na nani alimtukana nani. Mimi nikisoma kwamba fulani "anatishia kujitoa", nageuza ukurasa. Nikisoma kwamba fulani hajalipa, namaliza habari yote.

SWALI: Tanzania, je? Si ndiyo inayojiandaa kutoka?

Mwaka 2013 uvumi huu ulikuwa mkali zaidi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zikikutana peke yao, na Rais Kikwete akalazimika kusimama bungeni Dodoma mwezi Novemba kusema nchi yake haitoki. Haikutoka. Tanzania inapotaka kutoka mahali haipigi kelele: ilijitoa katika jumuiya ya biashara ya COMESA mwaka 2000, ikiwa imetoa notisi mwaka uliotangulia, na wengi wenu hamkujua mpaka leo.

Agizo la biashara 15 ni jambo jingine, na ni baya kwa vijana wetu wenye vibanda vya simu Mwanza na Musoma. Linagongana na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi Julai 2010. Lakini Mkenya asijifanye malaika. Ndiyo, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya mwaka 2017. Nasi Machi 2021 tukazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa barua moja, malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache tukalegeza. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupeleka sheria au agizo la namna hii katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kwa Ibara ya 30. Muda ni miezi miwili tu. Wengi hulalamika mwaka mzima kwenye matatu, kisha ndipo wanatafuta wakili.

SWALI: Tuliambiwa bonasi ya majani chai ilishuka kwa sababu Uingereza ilitoka Ulaya. Ni kweli? (Barua tatu za Nyansiongo na moja ya Tombe.)

Aliyewaambia hivyo alikuwa na sababu ya kutotaka mwulize maswali mengine. Chai nyeusi ya jumla haitozwi ushuru Uingereza wala Umoja wa Ulaya, kabla na baada. Chai yenu huuzwa mnadani Mombasa kwa dola, na mnunuzi mkubwa ni Pakistan. Ulizeni kuhusu bei ya mnada, thamani ya dola, mikopo ya kiwanda na gharama za kuni na umeme. Ulizeni mkutanoni, kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Uingereza yenyewe ilikwama kwa namna yake: ilipiga kura Juni 2016, ikatoka Januari 2020, na katikati Bunge lake likaukataa mpango wa kujitoa wa Waziri Mkuu Theresa May mara tatu, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Kenya iliwahi kutia saini mkataba wake wa biashara na London Desemba 2020, kabla kipindi cha mpito hakijaisha. Wanaopaswa kushukuru ni wenye maua, maharagwe mabichi na maparachichi. Wakulima wa maparachichi wa Borabu, hapa nawasemesha ninyi: Oktoba 2014 Ulaya ilitoza maua ya Kenya ushuru kwa miezi mitatu kwa sababu Jumuiya ilichelewa kukubaliana juu ya mkataba wa pamoja. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini, Tanzania ikakataa. Hatimaye Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza Julai 2024. Miaka kumi ya kusukumana, na hakuna aliyejitoa.

SWALI: Sarafu moja inakuja mwakani?

Haiji. Lengo lilikuwa 2024, limesogezwa hadi 2031.

SWALI: Kuna kijana anauza "kibali cha Jumuiya" shilingi elfu tatu, ati Kenya ikitoka wenye nacho ndio watakaovuka.

Mpelekeni kituo cha polisi. Hakuna kibali cha namna hiyo. Kwenda Uganda au Rwanda kitambulisho chako kinatosha. Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda, na hiyo hutolewa na Uhamiaji, si na kijana mwenye mhuri wa mpira kwenye mfuko wa shati. Mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, aombe cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa forodha pale mpakani. Hakiuzwi. Mazao yatahitaji pia hati ya afya ya mimea. Njia za panya hazikuokoi. Ndizo zinazokupa hasara ya mzigo mzima.

SWALI: Marehemu baba alifanya kazi reli ya Afrika Mashariki hadi 1977. Tumeombwa ada ili jina lake liingizwe kwenye kesi ya malipo Arusha.

Poleni. Msilipe. Waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya zamani kutoka Kenya, zaidi ya 700, walikwenda katika mahakama hiyo wakidai stahiki zao chini ya makubaliano ya 1984. Walishindwa, na mwaka 2012 rufaa yao nayo ikaanguka: Mkataba wa 1999, ilisema mahakama, haurudi nyuma kushika mambo yaliyotokea kabla haujakuwepo. Anayewaomba ada mwambieni awape namba ya kesi. Barua za utumishi za mzee na karatasi zozote za pensheni zipelekeni Hazina ya Taifa, idara ya pensheni, na mbaki na nakala.