Harimu ya Maji na Mpango wa Kijiji

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad: somo hili ni katika kubainisha jinsi kijiji kipasavyo kupangwa, ili watu wake wakae kwa afya na maji yao yasikauke. Mfano wake ni Matembwe, katika nchi ya Njombe, kwa kuwa huko jambo hili laonekana kwa macho.

Hali ya mahali

Matembwe iko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, upande wa Lupembe penye mashamba ya chai, na wenyeji wake ni Wabena. Mvua zikiisha hufuata miezi ya kiangazi na baridi. Wakati huo watu hushuka mabondeni wakalima vinyungu, yaani vishamba vya matuta katika ardhi yenye unyevu, wakapata mahindi mabichi, maharage na mboga hali mashamba ya juu ni makavu. Kwa masikini, kinyungu ndicho ghala.

Katika miaka ya 1980 jumuiya ya Kiitaliano iitwayo CEFA ilisaidia kujengwa kwa mtambo mdogo wa umeme uendeshwao na maji ya mto; baadaye ukajengwa mwingine Ikondo. Na kampuni iitwayo Matembwe Village Company ikafanya kazi ya kuangua vifaranga na kutengeneza chakula cha kuku. Basi taa ya nyumbani na mboga ya kiangazi zote zategemea jambo moja, nalo ni mto usipungue.

Lakini vilima vya Njombe vimejaa miti ya kupandwa: miwati, ambayo kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 iliilima kwa wingi, kisha misindano na milingoti, ipandwayo na wenyeji na hata na matajiri wa miji ya mbali. Faida yake haikanushiki, maana hutoa mbao, nguzo na karo ya watoto. Ila mlingoti hukua upesi, na kwa kukua huko hunywa maji mengi. Ukipandwa penye chemchemi, huipunguza.

Maana ya harimu

Mafakihi wameliita jina la harimu lile eneo ambalo kitu hakitimizi manufaa yake ila kwalo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, sawa na 1277 Miladi, ameyataja haya katika kitabu chake Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Kijiji kina harimu yake: mahali pa watu kukutania, mahali pa wanyama, na mahali pa kutupia majivu. Kisima kina harimu yake: pa kusimama mtekaji, pa birika, na pa kupita mnyama. Na visima vya mfereji wa chini ya ardhi harimu yake ni kadiri ambayo mtu akichimba humo, maji yatapungua au itachelewa kuporomoka.

Na mwenye kusoma alizingatie hili la mwisho. Mipaka hapa haikuwekwa kwa idadi ya hatua, bali kwa madhara. Popote kitendo kifikapo kupunguza maji, hapo ndipo harimu ifikapo. Na mizizi inywayo maji ya chemchemi yalinganishwa na jembe lichimbalo kando yake, kwa kuwa sababu ni moja. Serikali ya Tanzania nayo imeweka kipimo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa tabia yake zaweza kudhuru hifadhi ya mahali hapo.

Swali: Mtu akisema, "Shamba ni langu, nitapanda nipendacho," je, ana hoja?

Jawabu: Katika milki yake ana hoja, maana madhehebu yetu yampa mwenye mali kutumia mali yake kwa desturi iliyozoeleka, na akivuka desturi hiyo hudhamini alichoharibu. Lakini ukingo wa mto na jicho la chemchemi si milki ya mtu mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha ya kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Basi aliyeingiza milingoti yake katika harimu amechukua cha wenziwe, wala hati ya shamba la jirani haimhalalishii.

Swali: Je, na vinyungu vikatazwe?

Jawabu: Kinyungu hakihukumiwi kwa jina lake bali kwa madhara yake. Kilichokata mfereji wa kukausha bonde, au kilicho juu ya jicho la maji, yapasa kiondolewe. Lakini utaratibu wake utazamwe. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kwamba Sayyidna Umar alipoweka malisho ya hifadhi alimwagiza mlinzi wake Hunayy awaingize wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wenye makundi makubwa, wakiwamo Ibn Auf na Ibn Affan. Kwa kuwa tajiri mifugo yake ikifa anayo mitende na mashamba ya kurejea, na masikini hana. Basi kijiji kianze kung'oa milingoti ya mwenye ekari nyingi kabla ya kugusa matuta ya mjane, wala mjane asihamishwe hata aonyeshwe pengine pa kulima. Hifadhi inayoanza kwa mnyonge hugeuka dhuluma, na watu huivunja usiku.

Haki ya walio chini

Zubeir aligombana na mtu wa Ansari kwa mfereji wa maji, na Mtume akamwamuru Zubeir anyweshe kisha ayaachilie yamfikie jirani. Mafakihi wakaweka kipimo: wa juu hutangulia, azuie hata maji yafike vifundo vya miguu, kisha aachie. Na Matembwe ni ya juu. Mito ya upande huo wa Njombe, kama Ruhudji na Mnyera, hushukia Kilombero, na Kilombero hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, palipojengwa bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mlima mpunga wa Kilombero hamjui mpandaji wa mlingoti, lakini ana haki juu yake.

Namna ya kupanga

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, halmashauri ya kijiji huandaa mpango, na mkutano wa kijiji huuidhinisha. Na kanuni ya mafakihi ni kwamba amri ya mtawala juu ya raia hufungamana na maslaha yao. Basi wakutanapo, waanze kwa maji, si kwa nyumba:

Kwanza, zihesabiwe chemchemi zote, ziwekewe mipaka, na ipandwe miti ya asili isiyodhuru maji kama mivengi.

Pili, choo kiwe chini ya kisima na si juu yake, kwa umbali usiopungua mita 30. Kujisaidia penye maji, njiani na kivulini ni mambo matatu yaliyokatazwa kwa laana, na yote matatu ni mahali pa watu wote.

Tatu, mifugo itengewe pa kunyweshea na njia ya kupita, isichafue pa kuteka.

Nne, viachwe viwanja vya kukutania, vya kuzikia na vya taka kabla watu hawajajenga. Kwani kiwanja kikishakaliwa hakirudi ila kwa ugomvi.

Tano, vilima vilivyo mbali na maji viachiwe misindano na milingoti, ili riziki ya watu isifungwe.

Mwenye kuyafahamu haya amefahamu ya kwamba kupanga kijiji ni kuzigawa haki kabla hazijagombewa. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.