SOMO LA AFYA: KUKOSA USINGIZI



Tunapopita nyumba kwa nyumba, watu wazima wengi wanatuuliza: "Mbona silali?" Wanauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Si aibu.

Kukesha usiku mmoja kwa sababu ya mtoto mgonjwa au hema linalovuja si ugonjwa. Huitwa ugonjwa pale mtu anapokosa usingizi, au anaposhtuka usiku wa manane asiupate tena, angalau mara 3 kwa juma kwa muda wa miezi 3, na shughuli zake za mchana zikaharibika. Duniani, mtu mzima 1 hivi kati ya 10 ana hali hiyo. Waliokimbia vita ni wengi zaidi. Mwili uliozoea kusikiliza milio ya bunduki huendelea kulinda mlango hata pakiwa shwari.

Wako wanaosema ni kurogwa. Sitabishana na mtu juu ya imani yake, ila hata aliyerogwa anahitaji kulala.

Madhara yake tunayaona kila siku. Mama anasahau kadi nyumbani siku ya mgao. Baba anapiga watoto kwa kosa dogo, kisha anajuta. Mwanafunzi anasinzia darasani na kuitwa mvivu. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake hufanya kazi kama za mtu aliyekunywa pombe. Mwenye kushika panga kwenda kuni, au kupika akiwa na mtoto mgongoni, alifikirie hilo.

Pombe yenyewe inadanganya: inakulaza upesi, kisha inakuamsha kabla ya alfajiri. Vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni ni hatari zaidi. Mwili huvizoea haraka, na aliyevizoea akiviacha ghafla anaweza hata kupata degedege. Kama unavitumia tayari, usiache peke yako. Nenda zahanati wakupunguzie polepole.

Linalosaidia sana ni kuamka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kahawa na chai kali viishe mchana. Usingizi ukikataa, usipigane nao kitandani: inuka, keti kando, rudi macho yakiwa mazito. Najua hema moja lina watu wanane. Mkeka mlangoni unatosha.

Hali ikiendelea, njoo zahanati ueleze imeanza lini na unalala saa ngapi. Unaweza kuomba kuongea faraghani. Lakini anayesema anataka kufa, au asiyelala siku kadhaa bila kuchoka huku akiongea mfululizo, aletwe siku hiyohiyo, hata usiku, na asiachwe peke yake njiani.