Somo la 7: Mtoto Anayelilia Chakula Kila Saa



Mtoto wa miaka miwili amekula asubuhi. Mama hajamaliza kuosha vyombo, naye anashika nguo yake na kulia: "Mama, chakula!" Jirani anasema: "Huyu ni mlafi, mpige." Msimpige. Kwanza tutafute sababu.

1. Tumbo lake ni dogo. Mtoto wa kilo 10 akila kiasi cha kikombe kimoja kikubwa, tumbo limejaa. Lakini mwili wake unakua upesi, na anacheza mchana kutwa. Hawezi kungoja kama mtu mzima anayekula mara mbili kwa siku.

2. Chakula kinajaza tumbo, lakini hakijengi mwili. Bukari ya mihogo inashibisha, lakini peke yake haitoshi kumkuza mtoto. Uji mwepesi ni maji mengi. Mwaka 1935 munganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa kwashiorkor. Watu wa huko waliita hivyo ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa, naye ameachishwa ziwa. Basi, tumbo linaweza kujaa, na mwili ukabaki na njaa.

3. Anakula pamoja na wakubwa katika sahani moja. Mkono wake ni mdogo, tena hatafuni upesi. Wengine wanapomaliza, yeye hajashiba.

4. Pengine si njaa. Ana kiu, ana usingizi, au anataka kubebwa kwa sababu mtoto mpya amechukua nafasi yake. Kama kila kilio kinanyamazishwa kwa biskuti au muwa, atajifunza kulia tena.

Sasa fanyeni hivi:

Mpeni chakula mara tano kwa saa zinazojulikana: asubuhi, mchana na jioni chakula kamili, katikati yake kitu kidogo, kama ndizi, paipai au kilazi. Mama akiweza, aendelee kumnyonyesha hata miaka miwili na kupita.

Uji uwe mzito. Katika kikombe kimoja tia vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa laini na kijiko kidogo cha mafuta ya mawese. Karanga nzima usimpe, zinaweza kumkaba koo. Pamoja na bukari mpe maharagi, sombe iliyopikwa sana, au samaki wakavu wanaotoka upande wa Upemba, waliotwangwa bila miiba. Mayai usiyauze yote sokoni. Mwachie mtoto lake.

Awe na sahani yake mwenyewe, na mtu wa kukaa karibu naye mpaka amalize.

Akilia kabla ya saa, mpe maji safi, mbebe, cheza naye kidogo. Kama analia bado, ni njaa. Mpe kitu kidogo kizuri.

Lakini mleteni kwa munganga mkiona haya:

Anakula sana, lakini anakonda. Miguu yote miwili imevimba, au nywele zimegeuka rangi. Anakula udongo, au minyoo inatoka. Pengine damu imepungua. Anakunywa maji mno, anakojoa mara nyingi na kukonda: huyo aletwe siku ile ile, kwani yaweza kuwa ugonjwa wa sukari. Muuguzi atapima mkono wake kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, chini ya sentimeta 11.5 ni hatari kubwa.

Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula. Kumlisha mtoto si kazi ndogo.

Maulizo ya kujibu nyumbani:
1. Jana mtoto wako alikula mara ngapi?
2. Pamoja na bukari alipata nini?
3. Ana sahani yake?