Je, Chema Chajiuza Kweli? Kisa cha Bendi ya Kaleidoscope

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" tumeitumia katika insha mara nyingi bila kuihoji. Leo hebu tuipime kwa kisa cha kweli kutoka Uingereza.

Mwanzo
Katika miaka ya 1960, vijana wanne wa London walikuwa na bendi yao. Peter Daltrey aliimba na kutunga maneno, Eddy Pumer akapiga gitaa na kutunga muziki, Steve Clark akashika besi naye Dan Bridgman ngoma. Walianza kwa jina The Side Kicks, wakajiita The Key, kisha mwaka 1967 wakatoa santuri ya kwanza wakiitwa Kaleidoscope.

Muziki wao uliitwa saikedeliki. Ni nyimbo nyororo, zenye visa kama vya hadithi za watoto, lakini sauti zinachezewa studioni hadi msikilizaji anajiona yuko ndotoni.

Panda shuka
Albamu zao mbili, Tangerine Dream (1967) na Faintly Blowing (1969), hazikuvuma. Wimbo wao "Jenny Artichoke" wa mwaka 1968 ulichezwa redioni, lakini wapi! Haukuingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Isitoshe, kule Marekani kulikuwa na bendi nyingine iliyoitwa Kaleidoscope vilevile!

Mwaka 1970 wakajibatiza Fairfield Parlour na kutoa albamu ya From Home to Home. Mwaka huohuo wakatoa wimbo wa tamasha kubwa la kisiwa cha Wight kwa jina lingine tena, I Luv Wight. Sasa shabiki angewatafutaje dukani?

Baadaye walirekodi White Faced Lady, kazi ndefu ya santuri mbili inayosimulia maisha ya nyota wa sinema. Ikawekwa kabatini bila kutolewa, na bendi ikasambaratika. Kumbe mashabiki wachache hawakuwasahau! Mwaka 1991, baada ya miaka 20 hivi, kazi hiyo ilitolewa, na jina la Kaleidoscope likarudi. Siku hizi wakusanyaji wa santuri hununua nakala zao za kwanza kwa bei ya kuruka.

Tunajifunza nini?
1. "Jina jema hung'ara gizani," walisema wahenga. Lakini jina linalobadilika kila msimu halipati nafasi ya kung'ara.
2. Kizuri kikifungiwa kabatini hakiwezi kujiuza. Lazima awepo wa kukifikisha kwa watu.
3. Methali haikusema uongo, ila haikutaja muda. Chema kilijiuza, lakini vijana wale walikuwa washakuwa watu wazima wenye kazi nyingine.

Basi ndugu zangu, katika darasa lenu yuko mshairi anayeandika nyuma ya daftari la hesabu. Msomeni sasa, na mwambieni mashairi yake yamewagusa wapi. Sifa inayochelewa miaka 20 humkuta msanii ameshaweka kalamu chini.

Zoezi
(a) Taja majina matano yaliyotumiwa na bendi hii.
(b) Toa methali moja inayopingana na "Chema chajiuza" na ueleze maana yake.
(c) Jadili: Ni nani wa kulaumiwa kipaji kinapopotea, msanii au jamii?